Maua ya Mdalasini

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila koo tu, na koo ni kwa ajili ya vumbi la kazini. Msalimie mama, mwambie blanketi limefika na nimelilalia siku hiyo hiyo. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Mara ya mwisho uliipokea, ukauliza "Nani?" mara nne, kisha ukamtupia mama simu kama umeshika panya aliyekufa. Basi naandika.

Nimehamishiwa karakana ya nguo za kale, nyuma ya jumba la makumbusho. Zamani hapa palikuwa zizi, na mvua ikinyesha sakafu inanuka mkojo wa farasi waliokufa kabla babu hajazaliwa. Tunashona magauni kumi na mawili ya mtindo wa enzi za wenye jumba, yatakayovaliwa na wasichana wa kupokea wageni siku ya ufunguzi, mwisho wa Oktoba. Magauni nayaweza. Kinachonishinda ni mishipi.

Mshipi wa asili umebaki mmoja tu, uko ndani ya kabati la kioo. Ni wa hariri, upana vidole viwili, urefu unazunguka kiuno mara mbili na kubakiza matamvua. Umefumwa kwa kadi, zile zile kadi zako za matundu manne za kupitishia na kuzungushia nyuzi. Nilipouona nikamwambia mkurugenzi, "Mjomba wangu anafuma hivi," kabla hata sijafikiri. Mkurugenzi tunamwita Bwana Kitabu, maana ameandika kijitabu kuhusu jumba hili na hakuna mazungumzo yasiyoishia humo. Amekubali. Anataka mishipi kumi na miwili, sawasawa na ule wa asili, bila kupunguza kitu.

Nimeweka picha. Almasi za bluu na njano utazitambua mwenyewe. Yale mabaka ya kahawia katikati ndiyo Bwana Kitabu anayaita Maua ya Mdalasini. Anasema ni alama ya ukoo wa wenye jumba, na ameyaandikia kurasa sita. Nimekuwekea pia mafungu ya hariri mbichi, na uzi mmoja wa kahawia uliochomoka ukingoni mwa ule wa asili. Alinipa kwa mkono wake ili usikosee rangi.

Mkataba wangu unaisha Desemba. Kazi hii ikipendeza, nitaajiriwa moja kwa moja. Macho yanaendeleaje? Mama alisema ulikwenda kwa daktari.

Mimi mpwa wako


1 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi tupo. Mama yako anachechemea mguu ule ule na anawasengenya watu wale wale. Blanketi lilikuwa langu, lakini tuyaache.

Hariri yako nusura initoe roho. Mimi nimefuma pamba na nailoni maisha yangu yote, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hariri mbichi lazima ichemshwe na sabuni kuitoa ute wa mdudu. Nimechemsha sufuria tatu. Harufu yake sijui nikuelezeje. Chukua samaki aliyesahauliwa kabatini, soksi ya mlinzi wa zamu, na maji ya chombo cha maua ya wiki mbili, vichanganye, kisha uweke uso wako juu. Ute ulielea kama kamasi. Ndani ya fungu la pili nikakuta buu zima, limeiva vizuri. Nilitoka nje nikatema mate mpaka yakaniisha. Jirani akagonga kuuliza nani amefariki. Mama yako anadai hakula siku mbili, ila mkate mimi niliuona ukipungua.

Ikishatakata, hata hivyo, ni kitu kingine. Nimeishika, nikanawa mikono, nikaishika tena.

Sasa kazi. Almasi nimezisoma, hazina shida, ni kadi thelathini na mbili, unazungusha nne mbele nne nyuma. Shida ni hayo maua. Hayafuati hesabu. Kila kitu kwenye mshipi kinakwenda kwa mzunguko wa kadi, lakini ua linaanzia popote linapotaka na kuishia popote linapotaka, kama mlevi. Siwezi kulifuma. Itabidi nichomeke nyuzi za ziada kwa sindano, moja moja, na sijapata kuona mfumaji mwenye akili timamu akifanya hivyo. Nipigie picha ya mgongo wa mshipi. Mfumaji husoma mgongoni kwanza, mbele ni kwa wanunuzi.

Uzi wa kahawia nimeulowesha ulimini kama tufanyavyo ili usimame kwenye tundu. Hariri safi haina ladha. Huu una chumvichumvi na uchachu kidogo. Waulize walitumia dawa gani ya rangi.

Macho yapo, yako usoni, chini ya kipaji.

Mjomba wako

Ni mimi mama yako naongeza hapa, ameniachia barua niigundishe. Anakudanganya. Daktari amesema macho yanazimika polepole na hakuna operesheni. Amempa mwaka, labda na miezi. Akamwambia, "Mzee, chagua vya kutazama." Ameniapisha nisikwambie. Umeshaambiwa, basi usiseme umeambiwa.


17 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Kazi zimenifika shingoni, kisha mashine ikaharibika, kisha nikaugua tumbo. Mama naye hajambo? Mwambie nimeipata barua yake, ile ya habari za majirani.

Mishipi miwili ya kwanza imefika. Bwana Kitabu aliuvaa mmoja juu ya suti akatembea nao ofisini. Ana mikono inayotoa jasho, na nilitamani kumnyang'anya.

Picha ya mgongo haiwezekani kwa sasa. Kabati la kioo halifunguliwi ovyo. Ufunguo anao fundi wa kuhifadhi, yule mama tunayemwita Glavu kwa sababu hajawahi kuonekana na mikono mitupu, na siku hizi hana raha. Maua wewe yafume kama yalivyo kwenye picha. Usiyatafutie maana.

Habari ya dawa ya rangi nimeuliza, hawajui. Mjomba, nakuomba kitu kimoja. Usitie nyuzi mdomoni. Weka bakuli la maji pembeni. Na ule uzi wa kahawia utupe, rangi si umeshaipata?

Kaa penye mwanga.

Mpwa wako


30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako hajambo, mguu umehamia upande wa pili. Nimemuuliza ni barua gani ya majirani hiyo uliyoipata, akaenda jikoni.

Tangu lini wewe ukanifundisha kulowesha uzi? Mimi nilikuwa nalamba nyuzi mama yako hajaota meno ya mbele. Bakuli la maji! Uzi sikuutupa, ninao kwenye kiberiti, naulinganisha kila asubuhi.

Nakuletea mingine miwili, jumla minne. Sasa nikwambie ukweli. Hayo maua yananitia kinyaa. Almasi nazimaliza kwa siku nne huku napiga mluzi. Ua moja linakula siku tatu na sindano, na kila nikiliangalia roho inakataa. Halina kichwa wala mguu. Limemwagika tu. Nimeona madoa ya mchuzi kwenye shati la fundi bomba yenye umbo zuri kuliko hili. Huo ukoo kama uliichagua alama hii wenyewe, basi walistahili kufilisika.

Lakini nafuma. Utajiuliza kwa nini, kwa jinsi unavyonijua. Miaka thelathini na mmoja kiwandani nimefuma mikanda ya mabegi na kamba za magunia. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuutazama mkanda wa begi. Anaushika, anaondoka. Hii ni mara ya kwanza watu watapanga foleni kutazama kitu nilichokifuma, na mimi mwenyewe ningali nakitazama. Nimehamishia kigoda mlangoni. Mwanga wa saa tatu mpaka saa sita ndio mzuri, baada ya hapo nyuzi zinaanza kuelea.

Nataka ile picha ya mgongo.

Mjomba wako


8 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi nipo. Chumba changu kimevuja, godoro limeota ukungu na nimelitupa. Mishipi minne mingine imefika salama, sasa ni minane.

Jana wasichana walivaa magauni kwa majaribio. Bwana Kitabu alipita mstarini akigusa mishipi kwa kidole, ua baada ya ua, akiwasomea kurasa zake. Mmoja akauliza kama inaruhusiwa kuyabusu maua wakati wa kupigwa picha za magazeti. Akasema wazo zuri sana. Glavu alitoka nje akafunga mlango kwa kishindo. Mimi nilibaki na pini mdomoni.

Mjomba, kama umechoka, acha kwenye minane. Nitamwambia hariri imeisha. Wasichana wanne watafungwa utepe wa dukani, hakuna atakayejua. Kweli, acha tu. Pumzika, tembea, tazama vitu vingine.

Mpwa wako


19 Septemba

Mpwa wangu,

Leo sina salamu ndefu. Mama yako mzima. Mimi nimekaa.

Ile barua yako ya kuniambia niache, nilidhani unanionea huruma, nikakasirika nikafuma mitatu zaidi. Kumi na mmoja sasa. Wa kumi na mbili nilikuwa nimeshautandia nyuzi kwenye kigingi. Juzi ikaja bahasha yako, hakuna barua, hakuna hata "shikamoo," ndani picha moja tu, mgongo wa mshipi.

Nimeitazama asubuhi mbili mlangoni na miwani ya kukuzia. Nisikilize. Kwenye ufumaji wa kadi, penye bluu mbele, nyuma ni njano. Penye njano mbele, nyuma ni bluu. Rangi hubadilishana, haijawahi kuwa vinginevyo. Hii kahawia ni kahawia mbele na kahawia nyuma. Imekaa juu ya bluu na juu ya njano bila adabu. Ukingoni imekolea, katikati imepauka, kama chochote kinachokaukia kwenye kitambaa. Na maua yanakwenda mawili mawili yakitazamana, kwa sababu mshipi ulikunjwa ungali mbichi.

Hilo si ua. Ni doa.

Nimechomeka doa kwa sindano, uzi kwa uzi, mishipi kumi na mmoja. Mjinga ni mimi, nililiona tangu Machi kwamba halifuati hesabu, na badala ya kuamini mikono yangu nikaamini kijitabu cha mtu. Hilo ni langu, nalibeba.

Lako ni hili. Doa la nini? Na ulijua tangu lini? Usinipige chenga. Uliniambia nisitie uzi mdomoni.

Mjomba wako


28 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara tano na nne nimezichana.

Ni matapishi.

Glavu alipitisha pamba kwenye mshipi mwezi wa pili, akaipeleka maabara. Ni mafuta ya nyama, mvinyo, na maji ya tumboni. Baadaye akapata na daftari la mjakazi wa zamani aliyeandika alivyomvua bibi wa nyumba nguo baada ya karamu, na kwamba mshipi haukusafika. Glavu akapeleka yote kwa Bwana Kitabu. Akasoma, akayakunja, akasema kijitabu kimeshachapwa, mabango yameshachapwa, na atakayefungua mdomo atafute kazi pengine. Glavu yeye amebakiza miezi kustaafu. Mimi nina mkataba wa Desemba.

Nilijua siku tatu kabla barua yako ya Machi haijanifikia. Niliposoma kwamba umeulamba ule uzi, nilikwenda msalani nikatapika na mimi. Kisha nikanawa uso, nikarudi kushona. Nilikaa zaidi ya miezi miwili bila kukujibu nikitafuta njia ya kukwambia. Sikuitafuta kwa bidii. Hata ile picha ya mgongo, aliyoipiga Glavu, niliituma bila neno ili uone mwenyewe.

Na kuna jingine, ambalo ni baya zaidi. Mama aliniambia habari ya macho. Iliandikwa chini ya barua yako hiyo hiyo. Kwa hiyo nilijua yote mawili, Mjomba, kwamba ni matapishi na kwamba umebakiza mwaka wa kuona. Nilijua, na nikakuandikia, "Yafume kama yalivyo."

Nilijiambia kwamba unafurahia kazi. Nilijiambia kwamba nikiajiriwa nitakuleta huku kwa daktari mkubwa. Nilijiambia mengi. Bwana Kitabu ameshaniita jana, barua ya ajira iko mezani kwake, amenionyesha kwa mbali. Natazama mikono yake na naona kichefuchefu, kisha natazama yangu.

Sitakuomba mshipi wa kumi na mbili. Nisamehe.

Mpwa wako


15 Oktoba

Mpwa wangu,

Anayeandika ni mama yako. Maneno ni yangu, mwandiko na makosa ni yake.

Barua yako amenisomea mara mbili. Mara ya kwanza aliruka ile sehemu yake, nikajua kwa pumzi, nikamwambia arudi nyuma. Nimemaliza naye. Tuliparuzana siku nzima, sasa tunakunywa chai pamoja. Na mimi nilikudanganya kuhusu macho, kwa hiyo kwa udanganyifu katika familia hii hakuna msafi wa kumnyooshea mwingine kidole.

Sasa nikwambie kinachonitia kinyaa, maana najua unadhani ni matapishi. Nilipojua, nilipiga mswaki mara saba, sitakuficha. Kiberiti nilikichoma. Lakini matapishi ni ya mwanamke aliyekula akashiba, tumbo likamkataa, akamchafua mjakazi wake. Ameshakufa zamani. Tumbo la mtu halina hila. Bwana Kitabu naye simjui, sina haja ya kumjua, watu wa aina yake nimefanya nao kazi miaka thelathini na mmoja na wote wana mikono ya jasho. Avae doa lake, awabusishe wasichana wake.

Wewe nakujua. Daktari aliniambia nichague vya kutazama. Nilifurahi, nikwambie kweli, nilipopata barua yako ya Februari. Nilisema basi, nimepata cha kutazama, nitazame hariri mpaka mwisho. Asubuhi zangu zote za mwanga mzuri, tangu Machi, nimezikalia mlangoni nimeinama juu ya matapishi, nayakagua yasipungue ukubwa. Mama yako alikuwa akipita mbele yangu namwambia, "Ondoka, unanizibia mwanga." Na wewe ulikuwa unajua. Ungeandika neno moja. Karatasi ulikuwa nayo.

Kila nikilifikiria hilo roho inachafuka, chai haishuki. Mama yako anasema nisiandike hivi. Andika, dada.

Mishipi mitatu iliyobaki kwangu siileti. Ile minane ifanyeni mnavyotaka. Barua yako ya ajira ichukue au iache, hilo ni tumbo lako na mkate wako, mimi sitakuchagulia na wala sitakuuliza. Wa kumi na mbili nimeukata kwenye kigingi.

Jumatatu asubuhi nilikaa mlangoni na kadi mkononi, saa tatu, jua kali, na matundu sikuyaona. Nikageuza kadi, nikapangusa miwani, sikuyaona. Nikamwita mama yako aje karibu. Uso wake niliuona wote, na ile alama ya juu ya nyusi. Kwa hiyo nyuzi zimekwisha, nyuso bado zipo. Sijui ni kwa muda gani.

Samahani yako siitaki kwa karatasi. Ya karatasi nitasomewa, na msomaji wangu anaruka mistari. Nataka uje uketi hapa mlangoni asubuhi, uiseme, nikikutazama. Nataka kuona kama kweli una aibu au umejifunza kuiandika tu. Na nataka kukuona, basi, hata kama huna.

Usisubiri ufunguzi. Usisubiri Desemba. Panda basi wiki hii.

Bado nakuonea kinyaa, mpwa wangu. Njoo hivyo hivyo.

Mjomba wako